Bamba la Jiko Lina Lugha Yake, Tusilizibe Mdomo kwa Rangi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi walimu tumeizoea methali hii katika vitabu vya insha, na aghalabu huwafunza wanafunzi kwamba inawahusu wanadamu pekee. Lakini vyuma navyo huugua. Katika shule zetu za bweni kipo chuma kimoja kinachougua mchana kutwa mbele ya macho ya watu, nacho ni bamba la juu la jiko la kuni. Jiko linapoletwa kutoka kwa fundi huwa jeusi, linang'aa kama kiatu cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Muhula haujamalizika, utaona bamba lile limeparara. Hapa limekuwa la kijivu, pale limegeuka kahawia, na karibu na mlango wa kuni rangi imebambuka ikaacha chuma kitupu.

Tunafanyaje basi? Tunangoja mpaka tusikie kwamba wageni wanakuja. Siku mbili kabla ya ukaguzi, au kabla ya siku ya wazazi, mkebe wa rangi hununuliwa na kijana wa mkono hutumwa jikoni na brashi. Jioni hiyo jiko huwa jipya tena. Wageni huja, hutazama, hutikisa vichwa kwa kuridhika, na kuondoka. Wiki tatu baadaye madoa yale yale hurejea mahali pale pale.

Neno langu leo, ndugu msomaji, ni moja tu. Madoa yale ni maandishi. Bamba la jiko hutuandikia habari za moto uliomo ndani, za kuni tunazotumia, za matofali yaliyovunjika na za fedha zinazopotea. Anayelipaka rangi kabla ya kulisoma ni sawa na daktari anayempaka mgonjwa poda usoni ili homa isionekane.

Nimeingia katika majiko mengi ya shule, mengine nikiwa mwalimu wa zamu na mengine nikiwa mgeni tu. Katika shule moja ambayo sitaitaja, nilikuta jiko kubwa la chuma la namna ijulikanayo sana nchini: pipa la bamba la feleji, ndani limejengewa matofali ya kuhimili moto, sufuria kubwa ya githeri imezamishwa katikati, na dohani ya kutolea moshi imepenya paa. Juu yake, upande mmoja tu wa sufuria, palikuwa na doa jeupe-kijivu lenye upana wa sahani. Kwingineko bamba lilikuwa jeusi na zima. Nilimuuliza mpishi mkuu, mama wa makamo aliyepikia shule ile miaka mingi, doa lile limetoka wapi.

"Hapo ndipo pamoto, Mwalimu," alinijibu. "Ukitema mate hapo hayafiki chini. Tumepaka rangi mara nne mwaka huu. Rangi hutoa moshi mbaya siku mbili, sisi tunakohoa, halafu inakwisha."

"Na ndani ya jiko mmetazama, Mama?"

"Ndani hakuna aliyetumwa kutazama. Tumetumwa kupaka."

Jibu hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maana mama yule alikwisha kuutambua ugonjwa, ila hakuna aliyemwomba autaje.

Hebu tuanze na rangi yenyewe, kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu wengi ni walimu na wanafunzi, na jambo hili ni somo la sayansi kabla ya kuwa jambo la utawala. Rangi ya kupaka ina mambo mawili makuu. La kwanza ni unga unaoipa sura yake, mweusi, mwekundu au mweupe. La pili ni gundi inayoushika unga huo na kuunata kwenye chuma. Katika rangi ya kawaida ya mafuta, ile tunayopaka milango na madirisha, gundi hiyo ni kitu kilichotokana na mimea au mafuta ya petroli, na kama ilivyo kwa kila kitu cha asili hiyo, moto huila. Joto likipita kiwango cha maji yanayochemka, gundi huanza kugeuka manjano. Likizidi kupanda, hugeuka kahawia, hutoa malengelenge, hufuka moshi, na mwisho huwa jivu. Unga uliobaki hauna tena wa kuushika, nao hupanguswa kwa kitambaa. Ndiyo maana moshi ule uliwakohoza wapishi wetu. Walikuwa wakivuta gundi inayoungua.

Ipo rangi nyingine iliyotengenezwa mahsusi kwa vitu vya moto. Gundi yake hutokana na silikoni, ambayo uti wake ni silika na oksijeni, ndugu wa mchanga na kioo. Rangi ya namna hii iliyo bora huweza kuhimili nyuzijoto 600 za Selsiasi au zaidi kidogo. Lakini hata hiyo ina kikomo chake. Joto likivuka kikomo, gundi hulegea na rangi nyeusi hupauka ikawa kijivu au nyeupe-nyeupe. Na ikiwa weusi wake ulitokana na oksidi nyeusi ya chuma, joto kali na hewa huweza kuugeuza kahawia-nyekundu. Kwa hivyo, mahali palipopauka pakiwa peke yake katikati ya bamba lililo zima, tusikimbilie kusema fundi alipaka rangi mbovu. Rangi ni ile ile kila mahali, na kilichotofautiana ni joto lililo chini yake.

Na rangi ikishabambuka kabisa, chuma chenyewe hushika zamu ya kuandika. Feleji safi ikipashwa moto hewani hufunikwa na utando mwembamba wa oksidi, na utando huo hutoa rangi kwa jinsi unavyochezesha mawimbi ya nuru, kama tone la mafuta juu ya maji ya barabarani. Karibu na nyuzijoto 220 huonekana manjano hafifu ya majani makavu. Karibu na 260 huwa kahawia, karibu na 280 zambarau, na karibu na 300 buluu ya kupendeza. Wahunzi wa tangu zamani walizitumia rangi hizi kupimia ugumu wa visu na patasi kabla ya kipimajoto kufika karakanani. Chuma kikizidi hapo huwa cha kijivu. Na mnamo 1847, mwanasayansi John William Draper alieleza kwamba vitu vigumu huanza kutoa mwanga mwekundu hafifu vinapofikia takriban nyuzijoto 525. Kwa hiyo mpishi anayesema kwamba usiku, taa zikizimwa, bamba la jiko huonekana jekundu, amekupa kipimo cha kisayansi bila ya kutumia kifaa chochote.

Pengine msomaji atauliza: jiko si la moto? Kuna ajabu gani likiwa moto? Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba jiko hujengwa ili joto liende kwenye chakula, na bamba la juu si chakula. Tazama sufuria yenyewe. Moto unaweza kuivamia kwa nguvu zote, lakini maadamu ina maji, chuma chake hakipandi mbali na kiwango cha kuchemka, ambacho katika mji ulio juu kama Nairobi ni karibu nyuzijoto 95. Maji huichukua harara na kuitumia kupika. Bamba halina maji ya kulipoza. Kinga yake ni matofali yaliyo kati yake na moto. Likipata joto la kuunguza rangi ya silikoni, maana yake kinga hiyo imeondoka: tofali limepasuka, udongo wa kuziba umemomonyoka, au sufuria haikai sawa kwenye tundu lake na ulimi wa moto unapenya pembeni. Yawezekana pia kwamba kuni zinasukumwa ndani kwa wingi kupita kiasi, mlango ukaachwa wazi, na moto ukawaka juu badala ya kuwaka mahali pake.

Na hapo ndipo hasara inapoingia. Walimu wa fizikia wanajua kwamba kitu cha moto hutupa mnururisho wake hewani kwa kadiri inayopanda kwa kasi mno. Bamba lenye nyuzijoto 500 hutupa takriban mara tano ya linavyotupa likiwa na nyuzijoto 250, ijapokuwa namba imezidi mara mbili tu. Joto hilo lote hupasha ukuta, paa na mgongo wa mpishi. Halikuivisha hata punje moja ya maharagwe. Nalo lilinunuliwa kwa fedha za karo, likaletwa na lori la kuni, na kabla ya hapo lilikuwa mti. Nchi iliyompa ulimwengu Wangari Maathai, aliyeanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mnamo 1977 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mnamo 2004, haipaswi kuona haya kuhesabu miti inayopotelea juu ya bamba la jiko.

Kadhalika chuma chenyewe hakisalimiki. Feleji hutanuka ipatapo moto. Bamba la urefu wa mita moja likipandishwa nyuzijoto 500 huongezeka takriban milimita 6. Lingetanuka lote kwa pamoja lisingedhurika sana. Lakini upande mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi, ule wa moto husukuma na ule wa baridi hukataa, na matokeo yake ni bamba kupinda na viungo vilivyochomelewa kupasuka. Kisha huja magamba. Chuma kilicho uchi motoni huliwa na oksijeni, magamba meusi hudondoka, na bamba hukonda mwaka hadi mwaka. Wakati wa likizo, jiko likiwa baridi, umande na mvua ya paa bovu huleta kutu ya kawaida ikamalizia kazi. Shule za pwani, zenye hewa ya chumvi, zinalijua hili kuliko sisi wa bara.

Ufa mmoja katika kiungo watosha kuleta balaa kubwa kuliko ya fedha. Moshi uliopaswa kupanda dohanini hutokea jikoni, na pamoja nao hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani, utokanao zaidi na moshi wa meko, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020. Hesabu hiyo ni ya majumbani. Lakini mapafu ya mpishi wa shule hayatofautiani na mapafu ya mama wa nyumbani, naye hukaa mbele ya moto mkubwa zaidi, tangu alfajiri ya uji mpaka jioni ya ugali.

Kuna wanaodhani kwamba mambo haya ni ya kigeni, ya watu wenye majiko ya vioo. La hasha. Kenya ina historia yake ya kuheshimika katika fani hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, jiko la makaa lenye kifuko cha udongo uliochomwa lilianza kuenea nchini, na mafundi wa jua kali wakalifanya lao mpaka likajulikana nje ya mipaka yetu. Siri yake ni ile ile ninayoizungumzia: udongo ukae kati ya moto na bati, ili joto libaki kwenye sufuria na bati lisiungue. Bibi zetu waliopika juu ya mafiga matatu hawakuwa na bati la kuunguza, lakini nao walijua kuyakandika mafiga udongo upepo usiwaibie moto. Kwa hiyo tunapoacha matofali ya jiko la shule yabomoke huku tukipaka rangi juu, tunasahau elimu tuliyokuwa nayo.

Nini basi kifanywe? Nitaeleza kwa ufupi, na kwa mpangilio ninaouamini. Kwanza, jiko likiwa baridi, bamba litazamwe kabla halijaguswa na mtu. Madoa yachorwe kwenye karatasi, kila doa mahali pake, na tarehe iandikwe. Pili, aulizwe mpishi: huchochea vipi, kuni ni za namna gani, sufuria hukaaje, moshi hutokea wapi. Kuni mbichi huweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto wake hutumia nguvu nyingi kuyakausha hayo kabla ya kupika chochote, ndipo mpishi huongeza kuni juu ya kuni. Tatu, sufuria iondolewe na ndani patazamwe, hususan chini ya doa. Tofali lililopasuka lifanyiwe ukarabati, dohani isafishwe masizi, na kiungo kilichoachana kichomelewe upya.

Hayo yakishatimia ndipo rangi ipewe nafasi yake, kwa kuwa sisemi kwamba rangi haina kazi. Kazi yake ni kukinga chuma dhidi ya kutu, na hiyo ni kazi njema. Itumike rangi ya kuhimili moto, si ya milango. Chuma kisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka kiwe safi, na ikiwa rangi iliyopo ni ya zamani sana isisuguliwe ikiwa kavu, maana huenda ina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Rangi mpya ipakwe kwa tabaka nyembamba. Baadaye jiko liwashwe kwa moto mdogo, kisha wa kadiri, kisha mkubwa, milango na madirisha yakiwa wazi na watu wakiwa nje, ili gundi ikomae polepole. Moshi kidogo wa siku hiyo ya kwanza ni wa kawaida. Na rangi isipakwe kamwe ndani ya sufuria, wala mahali chakula kinapogusa.

Nasikia sauti ya mwalimu mkuu ikinijibu kwamba wageni hawaji kusoma madoa, na shule haiwezi kuonekana chafu. Namwelewa, kwani amebeba mzigo mzito na fedha hazimtoshi. Lakini namwomba apige hesabu. Mkebe wa rangi mara nne kwa mwaka, kuni zinazotoroka kila siku, na hatimaye bamba jipya. Hayo yote yakijumlishwa, ni nini bei ya matofali machache na siku moja ya fundi? Tena usafi si kumetameta. Jiko lililofagiliwa, lisilovuja moshi, lenye bamba la kijivu, ni safi kuliko jiko linalong'aa ambalo ndani limebomoka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wakaguzi nao wana dhambi yao katika jambo hili. Anayeingia jikoni na kutazama rangi tu, huwafunza watu kupaka rangi. Angeuliza swali moja, "Ndani mlitazama lini?", mwaka ujao shule zote za eneo lake zingekuwa na jibu.

Lakini ninaowatumainia zaidi ni walimu wenzangu darasani. Mtaala wetu wa sasa hutaka mwanafunzi ajifunze kwa mambo yaliyo karibu naye, na tumekuwa tukilalamika kwamba vifaa vya maabara ni haba. Lakini jiko lipo hatua hamsini kutoka darasani. Mwalimu wa kemia anayo hapo oksidi ya chuma ya rangi tatu. Mwalimu wa fizikia anao mtanuko, mpitisho na mnururisho wa joto katika kifaa kimoja. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi hesabu ya kuni kabla ya ukarabati na baada yake. Nasi walimu wa Kiswahili tuna kazi ya kuwafunza maneno: masizi, kutu, magamba, malengelenge, kuparara, kupauka, kubambuka. Hayo si maneno ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Ni majina ya mambo saba tofauti, na asiyejua kuyatofautisha kwa jina hatayatofautisha kwa jicho.

Na ninyi wanafunzi, mnaoingia foleni na sahani zenu mkalitazama jiko lile mara tatu kwa siku, tazameni vizuri zaidi. Mwulizeni mpishi kwa adabu kwa nini doa liko upande ule na si upande huu. Huenda mkakuta kwamba anajua zaidi ya mlivyodhani, na kwamba kwa muda mrefu amekuwa akingoja mtu wa kumuuliza.

Tabia ya kupaka kabla ya kutazama haiishii jikoni. Mtoto akizoea kuona nyufa za ukuta zikipakwa chokaa na madoa ya jiko yakizimwa kwa brashi kila wageni wanapokaribia, ataondoka shuleni akiwa amejifunza somo ambalo halimo katika ratiba. Kesho atakuwa mhandisi wa daraja, mhasibu wa kaunti, au daktari wa wilaya, na brashi atakuwa nayo mkononi. Ni afadhali tumfunze mapema kwamba doa likijitokeza, kazi ya kwanza ni kuliuliza limetoka wapi.